Mkono Uliotulia

Mtaani kinyozi huyu walimwita Mkono Pamba, kwa sababu wembe wake ulipita shingoni huku mteja akisinzia. Kifafa kilipomwanza ukubwani, daktari alimpa valproeti, na kweli dawa ilifanya kazi: hakuanguka tena. Ila mkono ukaanza kutetemeka. Wateja, wale ambao midomo yao haina breki, wakasema siku hizi wananyolewa na tetemeko la ardhi, wakahamia kwa kinyozi wa upande wa pili. Yalimuuma sana.

Akaenda kumlilia daktari. Valproeti ikapunguzwa kidogo kidogo, dawa nyingine, kabamazepini, ikaingia, na mkono ukatulia. Wateja wakarudi bila haya. Daktari alikuwa amemwonya kwamba akipotewa na fahamu hata kidogo, aweke wembe chini aje aseme. Basi nyakati hizo za kupotewa zikaanza. Alikuwa akijikuta ameshika taulo na hakumbuki kulichukua. Asubuhi moja alikuta amepaka povu mgongoni mwa kiti kitupu, taratibu na vizuri, kana kwamba pana shavu. Akalifuta, asimwambie daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo alilijua, lakini hakutaka kutetemeka tena.

Jumamosi hiyo alikuwa akimnyoa kaka yake. Alianza shavu la kushoto. Mara akajiona anamfuta shingo. Koo lote lilikuwa safi, halina hata mkwaruzo. Hakuwahi kunyoa vizuri vile maishani. Kwenye kioo, macho ya kaka yake yalikuwa yamemtoka.

"Nimekuita, nimekuita," kaka alisema polepole, hageuzi shingo. "Unaniangalia tu humo kwenye kioo, unatafuna na mdomoni huna kitu. Na wembe unatembea. Hebu niambie, mdogo wangu, aliyekuwa ananinyoa ni nani?"

Kinyozi aliutazama mkono wake. Ulikuwa umetulia tuli, na ndicho kilichomwogopesha.

Jumatatu alikuwa kliniki, akasema yote. Daktari alimgombeza, kisha akamkumbusha kwamba akirudi kwenye dawa ya kwanza, mtetemeko nao utarudi.

"Acha mkono utetemeke, daktari," alisema. "Huo naujua ni wangu."

Siku hizi ananyoa nywele kwa mashine tu, wembe hagusi. Kaka yake bado huja, hukaa kiti kilekile, hutania vilevile. Zamani alikuwa akisinzia hapo. Sasa hukodolea kioo macho mpaka mwisho, na kinyozi anamwona.