Nilimtisha mke wangu kwa kompyuta

Ndugu zangu, kosa ni langu. Sitamsingizia shetani.

Tulikuwa Beechmont, kule Louisville, Marekani. Mimi nafunga maboksi kiwandani. Mke wangu mchana anahudumia wazee, jioni anasoma mambo ya mitambo chuoni. Tangu Uvira, kwetu Kongo, hesabu ilikuwa mchezo wake. Bon, akamaliza, akaitwa mafunzoni kwenye kituo cha umeme wa nyuklia, Ohio kaskazini. Akifaulu, atakaa chumba cha kuongozea mitambo.

Kanisani walimpigia vigelegele. Nilipiga makofi na mimi, huku moyo unaungua. Mke anipite, watu watanionaje?

Nilikuwa nimesikia maneno kwenye simu, eti akili bandia itaendesha vituo vile vyote na watu watafukuzwa. Mwenyewe sikuamini sana. Lakini nilimpelekea kama habari ya uhakika, nikairudia mezani, garini, mbele ya watoto. Akaniuliza kama nina hakika kweli. Nikasema ninayo.

Akaikataa nafasi ile. Tukahamia Columbus, upande wa Hilliard, kufuata kazi, tukaingia ghala moja sote wawili.

Mungu wangu! Mashine zikaja pale pale ghalani. Vigari visivyo na dereva, vinabeba rafu nzima. Wakampunguzia mke wangu zamu, halafu wakamwachisha kazi.

Siku moja akapigiwa na mwenzake wa darasani aliyekwenda kule kituoni. Simu ilikuwa kwenye spika, jikoni. Mke wangu akamuuliza taratibu kama kompyuta zimeshawatoa. Yule akasema zimeongezeka, ndiyo, na ya miaka ijayo hayajui. Ila kwa sasa anayeamua ni mtu mwenye leseni, na bado wanatafuta watu.

Akaaga vizuri, akakata simu. Hakulia. Akanitazama.

“Ulijua?”

Nikageukia sinki, nikafungua maji. Donc, akapata jibu.

Sasa yuko Buffalo na watoto, kwa dada yake. Nikipiga, mdogo ananijibu kwa Kiingereza kwamba mama yuko kazini. Nyuma yake nasikia sahani zinaoshwa, na mtu anaimba kwa sauti ya chini. Sauti ile naijua. Nashindwa kukata mpaka mtoto akate.

Nyumba hii, jamani, inanitisha. Natoka zamu nakaa kwenye gari, sitaki kuingia.

Wanaume wenzangu, kama unaogopa mkeo atakupita, mwambie hivyo hivyo: naogopa. Usiazime hofu ya mashine. Pengine atakucheka. Afadhali akucheke akiwa bado nyumbani kwako.