Bamba Moja, Mabawa Mawili

Kwa miaka kumi na tisa Muhiddin hakuwahi kuchagua kitu chochote cha kazini. Alikuwa mzamiaji wa shirika moja la umma, kazi yake kukwangua chaza kwenye matumbo ya meli na kukata nyavu zilizonasa kwenye propela, na kila alichovaa alikikuta stoo. Unatia sahihi, unapewa. Kofia ya kuzamia, mkanda wa vipande vya risasi vya kumzamisha kiunoni, mpira mrefu wa kumletea hewa kutoka juu. Swahiba wake Marcelino alikaa kwenye boti akiushika mpira ule, na Muhiddin alitembea huko chini kwa miguu yake, mzito na mtulivu, kama mtu anayekwenda kununua samaki Feri.

Mwaka wa tisini na nne shirika likapunguza watu. Marcelino akarudi kwao Masasi. Muhiddin akabaki Magomeni, akishinda barazani na mkewe Kuruthumu, ambaye alikuwa akiuza vitenge na hakuzoea kumwona mume nyumbani saa nne asubuhi. Miezi minane ikapita hivyo, mpaka siku alipoitwa na Muaz, mwenye boti mbili za abiria za kwenda Unguja. Biashara zilikuwa zimeshakuwa ruksa, boti zimejaa bandarini, ila watu wa kuzisafisha chini walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Muaz alikuwa na mtungi wa hewa na kifaa cha kuvutia pumzi. Mambo ya kuuvaa mtungi mgongoni alisema hayajui. Muhiddin aende mjini akachague anachokitaka.

Neno hilo, achague, lilimkaa kichwani njia nzima hadi Kariakoo.

Huko mambo yakazidi kumchanganya. Alipouliza vifaa vya kuzamia kwenye Mtaa wa Msimbazi, muuza saa mmoja alimvuta pembeni na kumnong'oneza, akiuliza kama anazamia meli ya Ugiriki au ya Afrika Kusini, maana zote mbili anawajua mabaharia wake. Muhiddin akaeleza kwamba yeye hazamii ili asafiri, anazamia ili afanye kazi kisha arudi nyumbani. Muuza saa alimtazama kama mtu aliyepoteza bahati. Mwishoni mama muuza kamba aitwaye Mboni ndiye aliyemwelekeza Mchafukoge, kwenye duka la vyuma la Jamnadas, ambako siku hizo yalikuwa yakishushwa makasha ya mitumba kutoka Ulaya na hata mwenyewe hajui ndani mna nini.

Kwenye kaunta alikuwapo Vidya, binti wa Jamnadas, mwalimu aliyeacha kufundisha ili amsaidie baba yake. Alimwamkia, akaitikiwa marahaba, kisha akaingia ndani na kutoka na vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa bamba la chuma kisichoshika kutu, refu kama mgongo wa mtu, limekunjwa katikati na kutobolewa matundu, na mikanda yake ya kupita mabegani na kiunoni. Viwili vingine vilikuwa mifuko myeusi ya kujazwa hewa. Karatasi iliyokuja navyo iliiita mabawa.

"Bamba linatumika kotekote," Vidya alisema, akifuata mistari kwa kidole. "Bawa jembamba ni la mtungi mmoja. Pana ni la mitungi miwili iliyofungwa pamoja. Linakaa katikati ya bamba na mtungi."

Muhiddin akauliza kama bawa ndilo linalobeba mtungi. Vidya akasoma tena, akasema hapana, mtungi unabebwa na bamba. Bawa linakubeba wewe. Unalitia hewa kidogo ili usizame mno. Hapo ndipo Muhiddin alipopotea kabisa. Maisha yake yote alilipwa ili azame. Halafu karatasi ikaendelea kusema kwamba bamba lenyewe ni zito, kwa hiyo apunguze risasi kiunoni, bila kusema apunguze ngapi.

Alilishika bawa jembamba, akaliweka chini, akashika pana. Pana lilikuwa na matundu ya mtungi mmoja na ya mitungi miwili. Kwa akili yake, kinachofaa kwa viwili hakiwezi kukosa kufaa kwa kimoja. Akatamani Marcelino angekuwapo amwambie tu, chukua hili.

"Wewe ungechukua lipi, binti?"

"Mzee, mimi sijawahi hata kulowa miguu Coco Beach," Vidya akajibu.

Akachukua pana.

Kesho yake, jua likiwa limeshawaka, aliingia majini ubavuni mwa boti ya Muaz. Alitia hewa kidogo kwenye bawa, kama alivyoelezwa. Lile bawa pana likajikunja pande zote mbili, likaukumbatia mtungi, na hewa yote ikakimbilia upande wa kushoto. Muhiddin akapinduka ubavu. Akajigeuza, hewa ikahamia kulia, naye akapinduka huko. Akaikuta propela iko alipodhani ni chini. Hakuogopa, ila alishindwa kabisa kuelewa maji aliyoyajua miaka kumi na tisa yamegeuka lini. Akatoa hewa yote, akashika ngazi na kupanda, huku Muaz akimwuliza kuna nini.

Alirudi dukani mchana huohuo na mtungi kwenye guta. Alitarajia Vidya akatae kupokea kitu kilichoshaingia baharini. Vidya hakukataa, alitaka kujua ilikuwaje. Muhiddin akajaribu kusimulia, akashindwa, basi wakaondoa ndoo za misumari sakafuni, wakafunga mtungi kwenye bamba na bawa katikati, na Muhiddin akalipuliza kwa mdomo. Bawa likainuka, likajikunja kuuzunguka mtungi kama chapati iliyoviringishiwa mshikaki. Wakabadilisha. Jembamba likatulia bapa, hewa ikagawanyika huku na huku.

Vidya alichuchumaa akaliangalia kwa muda. "Kumbe mtungi wa pili ndio unaolitandaza lile pana," akasema. "Ukiwa mmoja, halina cha kulizuia."

Muhiddin akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameelewa jambo moja, na lilimfurahisha kuliko alivyotegemea.

Akaondoka na jembamba. La risasi lilibaki. Hilo karatasi haikulijua wala Vidya hakulijua, ikabidi alitafute mwenyewe majini, akitoa kipande kimoja kimoja kwenye mkanda, anazama, anaelea, anarudi juu kufikiri. Ilimchukua siku tatu. Siku ya nne alisimama katikati ya maji chini ya boti, hagusi juu wala chini, akakata wavu wote kwenye propela bila kushika kitu kwa mkono wa pili.

Jioni Kuruthumu alimwuliza ilikuwaje huko chini leo.

"Sikutembea," Muhiddin alisema. Kisha akaomba chai.