Majina Niliyoita Mlimani

Juzi mjukuu wangu Halima alirudi kutoka mbuga ya mlimani, walikopiga kambi na wenzake wa shule. Akatandaza hema uani likauke. Harufu ya nyasi mbichi ikanifuata mpaka jikoni, chai ikafurika nikiiangalia tu.

Na sisi tulipiga kambi huko, miaka ya sabini. Ukame ulikuwa umetumalizia mifugo kwetu Garbatulla, tukabaki na ng'ombe kumi na mmoja. Aba, yaani baba yangu, akasema tuwapeleke mlimani kwenye nyasi, kando ya msitu wa mbuga. Hao wakiisha, na sisi tumeisha. Tulitembea siku nyingi, Aba, mdogo wake Wario, na mimi. Kazi yangu ilikuwa ya jioni: kusimama mlangoni mwa boma na kuita kila ng'ombe kwa jina aingie. Kwetu hesabu ilikuwa majina.

Huko nyasi zilinifika magotini. Ng'ombe walikula mpaka wakalala chini. Nikiwatoa kupe masikioni, nikaona kupe hao wamevimba kama punje za mahindi mabichi. Wario akacheka.

"Ala! Huku hata kupe ana kitambi kama mwenye duka!"

Aba naye akacheka, mara ya kwanza tangu mvua ikatae. "Waache, binti yangu. Kupe akishiba, ujue ng'ombe ana damu."

Nikawaacha.

Siku chache baadaye ng'ombe wetu Burre akavimba tezi chini ya masikio, akapumua kwa shida, povu likamtoka puani. Akafa. Akafuata Dalati, halafu Gurati. Walikufa matumbo yamejaa, nyasi bado mdomoni. Kila jioni Aba aliniambia, "Ita," nami niliita wote, na waliokufa pia, maana sikujua kuwaruka. Siku alipokufa Dimtu, wa mwisho, nikasimama mlangoni nikaanza. Aba akaniziba mdomo kwa kiganja. Tukarudi nyumbani na kamba tupu.

Nilidhani amekasirika, labda nimekosea jina.

Nilikuwa na watoto wanne siku daktari wa mifugo alipotueleza sokoni Isiolo kwamba kupe wa mlimani wana ugonjwa ambao ng'ombe wa huku chini hawauwezi. Watu wakauliza maswali. Mimi nikaenda zangu. Aba alikuwa kaburini tayari, na sijui kama ningethubutu kumwambia. Ile siku aliponiziba mdomo hakuwa na hasira. Hakuweza tu kusikia jina likiitwa na mlango ubaki mtupu.

"Nyanya, unaongea na nani?" Halima akaniuliza.

Nilikuwa nikiita, nimefika kwa Dimtu.