Sauti Shikizi ya Kumudini Pednekar

Vatsala, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyeuanzisha wasiwasi. Alirudi kutoka sinema Jumapili mchana, akapita chumba chake bila kukifungua, akasimama mlangoni kwa Kumudini Pednekar huku ameshika kiuno.

"Dada Kumud, wewe msiri kweli. Sauti yako imejaa ukumbi mzima, na sisi tunaochota nawe maji bomba moja hukutuambia neno!"

Kumudini alikuwa amekaa sakafuni akichambua mchele. Hakuinua uso. "Sauti gani?"

"Ule wimbo wa mvua. Mwanamke yuko dirishani, mume kaondoka. Mstari wa pili ulipoisha tu nikakujua."

"Huyo ni Niranjana Devi. Imeandikwa mpaka kwenye mabango."

"Basi Niranjana Devi amehamia hapa kwetu Girgaum, ghorofa ya pili, karibu na choo."

Kitandani, mama mkwe wake Yamunabai alicheka mpaka akakohoa. Kumudini hakucheka. Alirudia kuchambua mchele uleule aliokwisha kuuchambua.

Kwa watu wa jengo lile Kumudini alikuwa mjane mpole anayeondoka asubuhi na mwavuli na kurudi jioni na mwavuli. Alitoka kwao Malvan, mji mdogo wa pwani, akiwa bi harusi. Mumewe, aliyekuwa fundi wa vitambaa kiwandani, alikufa kwa kifua, akamwachia mama mzee na chumba kimoja. Tangu hapo alikuwa akiimba katika filamu, lakini si kuimba kwa kujulikana. Alikuwa mwitikiaji. Wakisimama wanawake kumi nyuma ya kipaza sauti kimoja wakaitikia harusi, mavuno au sherehe ya rangi, mmoja wao ni yeye.

Alikuwa na kazi nyingine pia, ambayo watu wa nje hawakuijua. Niranjana Devi alikuwa na nyimbo nyingi kuliko siku za juma. Mara nyingi mwigizaji alikuwa ameshapakwa poda na nyumba ya kupigia picha imeshakodiwa, na Niranjana Devi yuko Madras au Kalkuta. Basi huitwa mtu mwingine auimbe wimbo huo ili picha zipigwe. Mwigizaji anaufumbia na kuufumbulia midomo, kazi inakwenda. Baadaye Niranjana Devi anakuja, anaimba juu ya muziki uleule, na sauti ya kwanza inafutwa katika filamu. Studio waliiita sauti shikizi. Ilikuwa kama miti ya mafundi wajenzi: ukuta ukishakauka, inang'olewa.

Wimbo ule wa mvua pia aliushikiza yeye, ila mwaka ule wa sabini na nne kulikuwa na maneno. Ilisemekana Niranjana Devi aliugua koo karibu na filamu kutoka. Sahani ya santuri ya filamu ile, ambayo kwa kawaida hutangulia dukani miezi kadhaa, ilikuja imechelewa. Kumudini hakuwa ameyatilia maanani, mpaka Vatsala aliposimama mlangoni. Sasa aliyakusanya yote kichwani na kuyapanga, na kila alipoyapanga yalikaa upande mmoja: hawakuifuta. Wameiacha sauti yake na kuitia jina la mwingine.

Na kama ni hivyo, lilikuwa jambo kubwa. Chama cha waimbaji kilikuwa na kanuni kwamba mtu ambaye sauti yake peke yake imebaki katika filamu iliyotoka, hasimami tena katika safu ya nyuma. Anahesabiwa mwimbaji. Kumudini alikuwa ameomba mara mbili, akaambiwa asubiri. Upande wa pili, mwitikiaji mmoja aliyewahi kudai sauti isiyo yake hakuitwa tena studio yoyote, na sasa alikuwa akiuza mboga sokoni Dadar. Naye alikuwa mtu mwema.

Kilichomsumbua zaidi ni Anselmo Furtado. Huyu alikuwa Mgoa mwenye miwani na mashati meupe, msaidizi wa mtunzi wa muziki. Ndiye aliyeandika muziki wa wapigaji na kuchagua waimbaji. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini tangu filamu ile itoke, alikuwa akimsalimu Kumudini kwa kirefu. Juma lililopita alimletea boksi la peda, vile vitamu vya maziwa vya sikukuu, na haikuwa sikukuu yoyote, si ya Kihindu wala ya Kikristo.

"Umeiona filamu yetu?" alimuuliza siku ile.

"Bado, Bwana Furtado."

"Usijisumbue. Ni ndefu, inachosha."

Jumapili ile, mikono ikiwa kwenye mchele, Kumudini alilifikiria neno hilo kwa mara ya kwanza. Mchuuzi gani humwambia mteja samaki wake wameoza?

Kesho yake alikwenda sinema, onyesho la mchana, na Yamunabai akang'ang'ania kufuatana naye ingawa magoti yalimuuma. Walikata tiketi za chini, mbele, pale watu wanapokula karanga na kuongea na mwigizaji kana kwamba anawasikia. Filamu kweli ilikuwa ndefu. Mvua ilipoanza kunyesha kwenye kioo, mwanamke alikwenda dirishani, vinanda vikapanda, na wimbo ukaanza.

Mwisho wa mstari wa pili kulikuwa na mpindo. Sauti inashuka kama inakata tamaa, kisha inapanda kidogo, kwa kujivuta, kabla ya kutua. Mpindo huo haukuwamo kwenye karatasi za Furtado. Kumudini aliutia mwenyewe siku ile ya kurekodi, bila kukusudia. Ulikuwa wa nyimbo za kusagia nafaka, ambazo mama yake aliziimba alfajiri Malvan akizungusha jiwe. Pale mkono unapochoka ndipo sauti hujivuta. Na sasa ulikuwa pale, mahali palepale, kwenye spika za ukumbi. Watu wa mbele walipiga miluzi na kurusha sarafu kwenye kioo.

Yamunabai alimshika mkono kwa nguvu. "Ni wewe."

"Nyamaza, Mama."

"Ninyamaze kwa nini? Wamekuibia!"

Mwanamke wa kiti cha nyuma akainama. "Shangazi, kama mmeibiwa, kituo cha polisi kiko ng'ambo ya barabara. Sisi tumekuja kusikiliza wimbo."

Walirudi nyumbani. Kumudini alikuwa na hakika, na hakika yenyewe aliishuku. Spika za ukumbi ule zilikuwa mbovu. Zilifanya kila sauti iwe nene na yenye vumbi. Tena alijua kwamba mtu akitamani kitu sana, sikio lake huwa shahidi wa kununuliwa. Lakini mpindo je? Nani mwingine angeujua?

Siku iliyofuata kulikuwa na kazi studio ya Tardeo. Aliazimia kumuuliza Furtado faraghani, kwa adabu, wakati wa chai. Hakupata nafasi hiyo, kwa kuwa shemeji wa Vatsala alikuwa mpiga fidla wa studio, na kabla ya Kumudini kukunja mwavuli habari ilikuwa imeshaingia.

"Mkubwa huyo," alisema Malati, mwitikiaji mwenzake, akisogea kwenye safu kwa mbwembwe. "Jamani mpisheni, Devi anataka kupita. Utatukumbuka sisi wa nyuma, sivyo?"

"Sijasema kitu, Malati."

"Hujasema, lakini umevaa sari ya harusini."

Wengine wakacheka. Mlango wa chumba cha mitambo ukafunguka, Furtado akatoa kichwa. "Kumudini Bai, njoo kidogo." Alipokwisha kuingia akaufunga. "Wanasema nini huko nje?"

"Wanasema kuna kitu umekificha."

"Nimeficha nini?"

"Wewe ndiye wa kunieleza. Mtu mzima haleti peda pasipo sikukuu, wala hamkatazi mtu kwenda kuona filamu aliyoifanyia kazi."

Furtado alivua miwani, akaifuta kwa shati. Kisha akamwambia fundi mitambo atafute tepe za filamu ile. "Usisikilize maneno yangu," alisema. "Sikiliza mwenyewe."

Tepe ya kwanza ilizunguka. Sauti ya fundi ikasoma, kama ilivyo desturi mwanzoni mwa kila tepe: "Wimbo wa nne, mara ya sita, sauti shikizi." Halafu vinanda, halafu yeye. Kumudini hakuwa amewahi kujisikia kwenye spika nzuri kiasi kile. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko alivyodhani, ila mpindo ulikuwapo.

Tepe ya pili: "Wimbo wa nne, mara ya pili, Niranjana Devi." Vinanda vilevile. Sauti ilikuwa nyingine kabisa, haikuhitaji mtu kusikiliza mara mbili. Ilikuwa ya mviringo, yenye pumzi ya kutosha. Hii ndiyo aliyoisikia sinema. Ikafika mwisho wa mstari wa pili, ikashuka, ikajivuta, ikapanda, ikatua.

Kumudini aliliona mawazoni soko la Dadar, na mafungu ya mboga. Angeweza kusema, "Nisamehe, Bwana Furtado," akatoka, na mambo yakaishia hapo. Furtado mwenyewe alikuwa akilingojea neno hilo. Tayari alikuwa anazima mtambo, haraka kidogo kuliko ilivyohitajika. Ni haraka hiyo iliyomzuia Kumudini kuondoka.

"Ameupata wapi?"

"Nini?"

"Ule mpindo. Kwenye karatasi zako haumo."

"Waimbaji wakubwa wana vipaji, Bai."

"Kipaji cha kusagia mtama? Huyo amezaliwa nyumba yenye watumishi wanne. Ameupata wapi?"

Fundi mitambo aligeukia ukuta kana kwamba kuna jambo la kusoma pale. Furtado akakaa.

"Tulimpelekea tepe yako ajifunzie. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Hana muda wa mazoezi. Aliipiga mara nyingi siku hiyo, mpaka nikaanza kuona aibu. Kisha akaniuliza, 'Huyu ni nani?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni mwitikiaji mmoja tu. Kwamba amesharudi kwao."

"Kumbe umenirudisha Malvan, na hata nauli hukunipa."

"Niliogopa," alisema Furtado. "Angekupenda angekuchukua. Angekuonea wivu angekufukuzisha. Kwa vyovyote ningekukosa, na hakuna anayenishikizia wimbo kama wewe. Ndiyo hizo peda."

"Zilikuwa kavu," alisema Kumudini, akatoka.

Nje waitikiaji walikuwa wamesimama wakimsubiri. Alikwenda mahali pake katika safu ya nyuma, akasema kwa sauti ya kusikika, "Sauti ya sinema si yangu. Ni ya Niranjana Devi. Nimesikia kwa masikio yangu." Malati alifungua mdomo amtanie, akamtazama usoni, akaghairi.

Baada ya chakula cha mchana Furtado alimwita mbele. Kulikuwa na wimbo shikizi wa filamu nyingine. Niranjana Devi alikuwa Kalkuta. Kumudini alisimama peke yake kwenye kipaza sauti, akauimba kama ulivyoandikwa, safi, bila kosa hata moja. Furtado akainua mkono.

"Tena. Tia kitu."

Akaimba tena, vilevile kama mwanzo. Ikawa mara ya tatu, mara ya nne. Wapiga fidla walianza kushusha fidla magotini. Mwenye filamu, aliyekuwa amekodi ukumbi kwa zamu moja tu, alitazama saa.

"Kumudini Bai, tafadhali. Unajua ninachotaka."

"Kiandike, nitakiimba."

Furtado alilisogelea jukwaa, akashusha sauti. "Unataka nini?"

"Jina langu lisomwe mwanzo wa tepe. Hili neno la shikizi sitaki tena kulisikia."

"Lisomwe kwa ajili ya nani? Tepe hiyo haisikiwi na watu."

"Yuko mmoja anayeisikia."

"Si desturi, Bai."

"Hata kumzika Malvan mtu aliye hai si desturi."

Furtado alitazama wapigaji, kisha mwenye filamu, kisha akamwashiria fundi. Lakini Kumudini alikuwa bado hajamaliza. Jina hilo, alisema, lisisomwe kwenye ukimya wa mwanzo, mahali ambapo mkasi unaweza kupita. Lisomwe tambura, ala ya nyuzi inayotangulia wimbo, ikiwa imeshaanza kulia, ili atakayetaka kulikata aukate na wimbo.

"Huniamini kabisa," alisema Furtado.

"Kabisa."

Tambura ikaanza. "Wimbo wa kwanza, mara ya tano, Kumudini Pednekar." Safari hii aliimba kwa namna nyingine, na mpiga fidla wa mwisho, yule shemeji wa Vatsala, alisahau kuingia mahali pake, ikabidi warudie. Jina likasomwa tena. Walipomaliza alikataa kuondoka mpaka tepe irudishwe nyuma na alisikie.

Mvua za mwaka huo zilikuwa hazijaisha Furtado alipopanda ngazi za jengo la Girgaum, akitweta, mikono mitupu. Wanawake wote walitoka barazani kumwangalia.

"Niranjana Devi ameuliza tena," alisema mlangoni. "Mara hii hakusema 'huyu ni nani.' Amelitaja jina. Anataka uende kwake Alhamisi."

"Anataka nini kwangu?"

"Hakusema."

"Hakusema, au hukusema wewe?"

"Naapa kwa Bikira Maria, Bai, hakusema."

Kumudini alimtazama. Nyuma yake Yamunabai alikuwa ameshashuka kitandani, anatafuta kandambili.

"Nitakwenda," alisema Kumudini, "na mama huyu nitakwenda naye. Njia naijua, usitusindikize."