Ng'ombe Watatu wa Baba

Baba yangu hakuwa mtu wa majivuno, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa mjivuni wa kuzaliwa ningemsamehe mapema. Alikuwa na minazi michache nyuma ya mji wa Bagamoyo, mtu wa kuswali na kurudi nyumbani, na ukimwomba aadhini alikuwa akitafuta mtu mwingine wa kumsukumia. Neno kubwa alilitamka mara moja tu maishani mwake, na kati ya siku zote alizopewa na Mungu, akachagua kulitamka juu ya harusi yangu.

Posa ilikuwa imekwisha kupokewa. Mchumba wangu alikuwa mtu wa Mbegani, fundi wa kuchoma chokaa, na miaka ile chokaa ilikuwa na wateja, kwa kuwa kila aliyepata fedha ya pembe za ndovu alitaka nyumba ya mawe. Wazee walikubaliana mambo ya kawaida: mahari, kilemba cha baba, mkaja wa mama, doti mbili za leso, mbuzi wawili, na mchele wa kutosha mtaa wetu. Miezi minne, wakasema, kisha nikaha. Siku ile ile nikawekwa ndani, maana ndiyo ada: mwari aliyeposwa haonekani uani, haendi kisimani, na mchumba wake hamtii machoni mpaka siku ya harusi. Nilikuwa na miaka kumi na sita au kumi na saba. Miezi minne nikaona naiweza.

Mwezi wa pili baba alialikwa harusi Dunda, mtaa wa upande wa pili wa mji. Mji wetu wakati ule uligawanyika pande mbili za ngoma, wao na sisi, na kila upande ukioza binti ulitaka upande wa pili ule mpaka uone haya. Dunda walichinja ng'ombe wawili. Baba akala, akashiba, akakaa mbele kutazama ngoma, na hapo ndipo alipokosea. Mwimbaji wao akatunga papo kwa papo kwamba watu wa mtaa wetu wana meno mazuri ya kulia vya wenzao, ila majikoni kwao hakufuki moshi. Watu wakacheka wakamgeukia yeye, kwa kuwa walijua ana binti ndani. Baba akasimama. Akasema mbele ya mji mzima kwamba binti yake hatatoka nyumbani ila kwa kuchinjwa ng'ombe watatu.

Nilikuwa nyuma ya pazia aliporudi. Mama alikuwa ameshazipata habari, kwetu habari zilikuwa na miguu kuliko watu.

"Kweli umesema?" akamuuliza.

"Nimesema."

"Na ng'ombe utawatoa wapi, mume wangu?"

Baba akavua kanzu, akaikunja polepole, akasema hajui. Mama hakugomba. Ningependa angegomba, ningependa mtu mmoja katika nyumba ile apige kelele, lakini mama aliipokea kanzu akaitundika.

Ng'ombe wawili wakaangukia kwa mchumba wangu, mmoja kwa baba. Hivyo ndivyo wazee walivyogawa, na hakuna aliyeuliza mchoma chokaa anapata nini kwa tanuri moja. Anakata boriti, anapanga mawe ya pwani juu yake, anachoma, anangoja, anauza, na akishakula na kuwalipa waliomsaidia, anabakiwa na vumbi. Miezi minne ikapita. Ukapita mwaka. Mimi ndani.

Mtu aliye ndani ana masikio. Nilizijua harusi za mji kwa ngoma zake, na mwaka wa kwanza nilihesabu tano upande wetu. Mwaka wa pili, mbili. Si kwamba watu hawakutaka kuoana, la, posa zilikuwa zikipelekwa kila mwezi. Lakini baada ya ng'ombe watatu wa baba, ambao hata hawakuwa wamepatikana, Dunda walisema wao sasa hawaozi kwa chini ya watatu, na mtaa wetu haukuweza kukubali kushindwa na Dunda. Na leso nazo! Zilikuwa zikija kutoka Unguja za kuchapwa, kila safari na maua mapya, na yale ya mwezi uliopita mtu akiyavaa anaulizwa kama ni ya bibi yake. Sanduku la bibi harusi la doti mbili likawa la doti sita, halafu kumi. Tulikuwa wari sita tuliochezwa unyago pamoja. Mmoja tu ndiye aliyekuwa ameolewa. Wanne tulikuwa ndani tukinenepa na kupauka, na wa sita alimkimbilia mpagazi, wakaenda zao bara, na mama yake akatuambia sisi tuliobaki kwamba ndiye aliyekuwa na akili.

Vijana wa kiume nao walifanya hesabu zao. Walikuwa wakienda ng'ambo ya mto kwa Wazigua na Wakwere, wakioa kwa mbuzi na jembe, bila ngoma ya kutukanana. Somo yangu, yule mama aliyenifunza mambo ya unyumba, ndiye aliyeniletea habari hizo, na ndiye aliyekuwa akipeleka maneno yangu Mbegani na kurudi na ya mchumba wangu.

"Rafiki zake wanamwambia akaoe bara," akaniambia siku moja, akinisuka.

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema anakungoja. Lakini, mwanangu, mwanamume akisema anangoja mara tatu, ya nne msikilize vizuri."

Nikaogopa. Sikumpenda kwa kumjua, maana nilikuwa nimemwona mara mbili tu kabla ya kuwekwa ndani, mara zote akipita na mikono myeupe kwa chokaa mpaka viwikoni. Nilimpenda kwa kuwa yeye ndiye mlango wangu. Nikamtuma somo amwambie aje na wazee wake, amwombe baba nikaha ya kahawa na tende. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa amesema mwenyewe kuwa dini haitaki zaidi ya walii, mashahidi na mahari, hata ndogo.

Wakaja. Nikasikia kila neno. Baba aliwapokea vizuri, akawaandalia madafu, akawaambia haiwezekani. Walipoondoka nilitoka nyuma ya pazia bila ruhusa nikapiga magoti mbele yake.

"Baba, nitakufa humu ndani."

Akaniwekea mkono kichwani. Alikuwa amekonda, na sikuwa nimeona, kwa kuwa nilikuwa nikijitazama mimi tu.

"Mwanangu, hata mimi naitaka hiyo ya kahawa na tende," akasema. "Naitaka kuliko wewe. Lakini nikikuoza hivyo, nitapita njia gani kwenda msikitini?"

Njia ya msikitini ilikuwa moja, na ilipita barazani mwa watu.  Nilimchukia, na nilimhurumia, na vyote viwili havikunisaidia kitu.

Ng'ombe walipatikana mmoja mmoja. Wa baba alitokana na minazi aliyoiweka rehani. Wa kwanza wa mchumba wangu alimgharimu mwaka mzima wa moshi, na wa pili aliupata kwa kuchoma chokaa ya watu wawili kwa malipo ya mmoja. Wakawekwa Zinga kwenye majani, wanenepe. Mwaka wa tatu ulikuwa unakwisha. Siku ikapangwa, na wapishi wakaanza kuhesabiwa. Mama akanitengenezea liwa ya kunisinga mwili.

Siku tisa kabla ya harusi baba alishikwa na homa. Siku ya nne akafa, saa ya adhuhuri, akiwa ananiuliza kama ng'ombe wamefika.

Mji wote ulikuja. Watu wa Dunda walikuja, na yule mwimbaji wao alilishika jeneza kwa mbele. Nyumba ikajaa waombolezaji waliolala matangani siku tatu na kurudi kwa hitima, na watu wale ilibidi walishwe. Baba yangu mdogo akauliza kuna nini nyumbani. Kulikuwa na ng'ombe watatu Zinga. Wakaletwa, wakachinjwa, na mji ukala mpaka mbwa wakashiba.

Baada ya hitima wazee wa pande zote mbili walikaa barazani. Nilimsikia mzee mmoja wa Dunda akisema kwa sauti, ili mtu yeyote asije akadai hakusikia: "Marehemu aliahidi kuulisha mji ng'ombe watatu. Mji umekula. Neno lake limekwisha, Mungu amrehemu. Na nyumba ya msiba haipigiwi ngoma. Mtoto aozwe kwa kahawa."

Nilifurahi. Sina njia nyingine ya kulisema. Kabla sijakumbuka kulia, moyo wangu uliruka kwa furaha, na mama yangu amekaa mbele yangu katika nguo nyeupe za eda. Nilijificha uso kwa leso, na wanawake wakanipapasa mgongo wakisema maskini, maskini.

Nikaha yangu ilifungwa baada ya arobaini, asubuhi, na wanaume hawakuzidi kumi. Kahawa na tende. Kwetu mwari akiulizwa kama anaridhia, akinyamaza si kwamba amekataa. Hunyamaza mara mbili, hata tatu, mpaka bwana harusi atoe fedha ya kumfungua kinywa, na hapo wanawake hupiga vigelegele. Mwalimu akasimama nyuma ya mlango, akaniuliza: "Mwanangu, baba yako hayupo. Unaridhia baba yako mdogo akuoze kwa niaba yake?"

Sauti haikutoka. Nilijaribu kweli. Kwa neno "hayupo", baada ya siku arobaini zote zile, ndipo nilipoanza kulia, bila sauti, mdomo wazi.

"Anataka haki yake!" shangazi akapiga kelele kwa furaha, akiwageukia wanaume. "Mfungueni kinywa mwari!"

Nikatikisa kichwa. Wakacheka, wakasema huyu mjanja, anataka zaidi. Fedha kidogo ikaletwa kwenye sinia. Mwalimu akauliza tena, na tena nikashindwa. Sinia likarudishwa. Huko nje kila mtu alijua kwamba fundi yule hakuwa na kitu kingine. Ng'ombe wake walikuwa wameliwa.

Kisha sinia likaja mara ya pili. Juu yake ilikuwa kofia ya mchumba wangu, ile ya kushonwa kwa mkono aliyokuwa ameivaa, bado ina joto la kichwa chake.

Nikasema nimeridhia. Mwanamume hawezi kukaa kichwa wazi mbele ya mwalimu.