Bakuli Lililorudi Kutoka kwa Mwalimu

Yule mwalimu wa maabara niliyewahi kuwasimulia hapa, jirani yangu wa Malava, amefariki. Moyo ulisimama Jumatatu asubuhi akifunga viatu. Nimemlilia, lakini niwaambieni ukweli, wasomaji wangu: zaidi ya kulia, ninaogopa.

Kazi yake ilikuwa kuunganisha nyuzi za DNA na kuziachanisha tena bila kuzikata. Alinieleza chuoni kwake mjini Kakamega kwamba ncha za nyuzi hizo hujikunja, na ukitia madini ya potasiamu mikunjo hushikana kama shati lililofungwa vifungo. Ukiiondoa potasiamu, zinaachana, kila moja nzima kama mwanzo. Kuna wakati zilishikana zenyewe kabla hajatia chochote. Alihangaika wiki nzima, akalaumu mizani, akanilaumu hata mimi niliyepita kumsalimia. Kumbe chupa aliyobebea maji safi ilitoka jikoni kwake, na mkewe alikuwa ametilia humo musherekha, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe tunayolainishia mboga. "Dada, hii musherekha yenu ni potasiamu tupu!" alisema akicheka hadi machozi. "Munanipikianga DNA kama mboga!" Nilicheka pia, nikaandika kisa hicho katika safu hii, kisha nikakisahau.

Figo zake zilipougua, nilijua tu kwamba anaumwa. Sisi wa huku upendo wetu uko kwenye sahani, na mgonjwa tunamsukuma ale apate nguvu. Jumapili, siku moja kabla hajafa, nilimpelekea murere, mboga yetu ya mlenda, niliyoipika kwa musherekha, laini kama alivyonifundisha mama. Matangani ndipo nilipomsikia mkewe akimwambia shemeji yake, "Daktari alimkatazanga potasiamu, eti figo zikishindwa kuitoa inasimamisha moyo. Hata viazi tulikuwa tunachemsha, tunamwaga maji." Hakuna aliyejua kilichomo kwenye bakuli langu zaidi ya marehemu mwenyewe. Je, alikula? Au aliona haya kumkatalia jirani?

Jana mjane alinirudishia bakuli. Hakulileta tupu, maana kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, alitia mayai. "Asante, dada. Mboga yako alimaliza yote," aliniambia. Badala ya kumwambia, nilihesabu mayai. Huenda si mboga. Huenda ni mboga, na hili si kama nyuzi zake, haliwezi kufunguliwa tena. Basi ukimpelekea mgonjwa chakula, muulize kwanza amekatazwa nini. Mimi siku ile niliuliza tu kama anapenda chumvi nyingi.