Bahasha Zilizogeuzwa

Watu wa kwetu Koboko wakiniona nimekunja uso huniambia hasira hasara. Nawajibu kwamba kwangu hasara ilitangulia, hasira ikafuata nyuma, na mpaka leo haijachoka. Aliyenitia hasara hiyo ni baba mdogo, ndugu wa baba yangu tumbo moja, seremala hodari, mtu wa swala tano, ambaye hajawahi kumwibia mtu hata msumari. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumkasirikia mbele za watu. Mimi namkasirikia hivyohivyo.

Baba alikuwa askari. Kabla ya vita vya 1979 alikuwa akimwandikia mama kutoka kambini, mbali huko kusini, kwa kalamu ya wino, mwandiko mwembamba ulioinama upande mmoja. Mama hakujua kusoma, alisomewa na jirani. Serikali ilipoanguka, askari wengine walirudi Koboko kwa magari na kwa miguu. Baba hakurudi. Baadaye vita vikatufikia nyumbani, nasi tukavuka mpaka kuingia Zaire, mama akiwa amebeba sufuria, mdogo wangu mgongoni, na fungu la bahasha za baba. Barua zenyewe alikuwa amezichoma, kwa sababu kukutwa njiani na barua ya askari wa serikali iliyoanguka kulikuwa kujitafutia kifo. Bahasha hakuzichoma. Alizibandua kwa mvuke wa sufuria, akazigeuza ndani nje, akazibandika upya. Jina la kambi, namba ya askari, stempu na muhuri wa posta, vyote vikaingia ndani. Nje ikabaki karatasi tupu.

“Karatasi mzuri hapana choma,” aliniambia nilipomuuliza. “Iko na kazi bado.”

Kazi ilipatikana. Kule ukimbizini karatasi ilikuwa haba kuliko chumvi, na mama alizitumia zile bahasha kumpelekea habari shangazi, dada wa baba, aliyekuwa amebaki kijijini Lobule, upande wetu wa mpaka, na bibi yetu asiyeweza kutembea. Posta haikuwapo wala stempu. Barua zilikwenda kwa mkono wa wachuuzi wa baiskeli waliojua njia za porini. Kwenye bahasha mbili za kwanza anwani iliandikwa na mwalimu mmoja, mkimbizi mwenzetu, aliyewafundisha watu wazima kusoma chini ya turubai. Ya tatu aliandika mama mwenyewe, kwa kalamu ya biki. Herufi zake ni nene kama mihogo, zinapanda na kushuka, na neno Lobule limekosa nafasi likajikunja pembeni. Bahasha zote zilikuwa kumi na tisa. Kufikia ya mwisho mstari umenyooka kabisa. Ukizipanga kwa mfuatano unamwona mwanamke mzima akijifunza kuandika, mwezi kwa mwezi, huku hajui kesho atalala wapi.

Shangazi alizitunga zote kwenye spoku ya baiskeli na kuichomeka kwenye nyasi za paa la nyumba yake. Barua zenyewe alizivuta. Alikuwa mtu wa tumbaku, na karatasi nyembamba ilimfaa kwa kusokotea. Tuliporudi, katikati ya miaka ya themanini, alinikabidhi spoku nzima.

“Chukua,” alisema. “Hii ilinishinda kuvuta.”

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya ualimu mjini Arua, nimepanga chumba mtaa wa Awindiri. Jirani yangu alikuwa mzee mstaafu wa posta, aliyegonga mihuri miaka mingi na ambaye habari zake zilikuwa mbili tu, barua na mpira wa miguu. Nilipomwonyesha zile bahasha aliacha habari ya mpira. Gundi ya mama ilikuwa imekauka ikaachia yenyewe, kwa hiyo kila bahasha ilifunguka ikawa karatasi moja bapa yenye nyuso mbili: upande huu baba, upande huu mama.

“Gundi usiguse,” aliniambia. “Gundi inaita mende. Na mutu akibandika hii, upande moja imekufa.”

Alinifundisha kazi. Nilinunua karatasi ngumu, nikakata dirisha kwenye kila ukurasa, dogo kidogo kuliko bahasha. Nikakunja vijipembe vinne vya karatasi, nikavibandika ukurasani, na bahasha ikaingia pembe zake humo kama mguu kwenye ndara, bila tone la gundi kuigusa. Ukitazama unamwona baba. Ukifunua ukurasa, kwenye dirisha lilelile unamwona mama. Kati ya kurasa nikaweka karatasi laini. Albamu nikailaza ndani ya sanduku la bati pamoja na majani ya mwarobaini, na sanduku nikaliweka juu ya matofali ili mchwa wasilipande. Msimu wa mvua sikulifungua. Nilinawa mikono na kuikausha kabla ya kugusa ukurasa, na wanafunzi wangu wakanicheka kwamba mwalimu anatawadha kwa ajili ya bahasha. Kazi hiyo ilinilia likizo nzima, na sikumbuki likizo nyingine niliyokuwa na furaha namna ile.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini wakubwa wa ukoo wakakubaliana kwamba baba amekufa. Ingesomwa hitima Koboko, nyumbani kwa baba mdogo. Akaniomba albamu wiki moja kabla, ili ndugu waione. Nikampa. Nikamweleza habari ya kunawa mikono, habari ya mvua, habari ya moshi wa jikoni. Nikampelekea kwa mkono wangu mwenyewe, jinga nilivyokuwa.

Siku ya hitima nilikuta ubao mpana wa plywood umesimamishwa mbele ya wanaume, umepigwa fremu na kupakwa vanishi pembezoni. Bahasha zote kumi na tisa zilikuwa zimebandikwa juu yake, zimenyooshwa kwa mkono wa fundi, hakuna hata moja iliyopinda. Gundi ya mbao ilikuwa haipatikani, kwa hiyo mke wake alikuwa amepika uji mzito wa unga wa muhogo. Baba alikuwa anatazama watu. Mama alikuwa amebandikwa chini, mara kumi na saba, na uji juu ya kila neno lake.

Wanaume walikuwa wanasifu. Mmoja alisema mkono huu kweli ni wa askari. Mama aliitwa kutoka jikoni aje aone. Alifuta mikono kwenye kanga, akasimama mbele ya ule ubao, akautazama kutoka juu mpaka chini.

“Iko mzuri,” alisema, akarudi kwenye sufuria zake.

Nilimvuta baba mdogo kando, nyuma ya karakana yake.

“Baba mdogo, upande ya mama iko wapi?”

“Ile ya nyuma? Ile ni anwani tu. Leo ni siku ya kaka yangu.”

“Lakini uliona iko na maandishi.”

“Niliona. Na niliona kitu inatingishika kwa karatasi, haikufungwa. Mimi kitu inatingishika nafunga. Sasa hata upepo hawezi chukua.”

Aliiona. Hilo ndilo linaloniunguza. Angekuwa hakujua, ningesema ni bahati mbaya, ningemsamehe kabla ya pilau kupakuliwa. Lakini alifunua kila ukurasa, akaona nyuso mbili, akachagua moja, na wala hakuhisi kwamba amechagua. Mwanaume akiwa amekufa anabandikwa mbele, na mwanamke aliyewavusha watoto mpakani ni anwani tu. Nilimwambia hayo, kwa sauti, na watu wakasikia. Nikaambiwa sina adabu, nimeharibu hitima ya baba yangu. Sikuomba radhi, na siombi hapa.

Ubao niliuleta Awindiri nimeufunga nyuma ya baiskeli. Mzee wa posta aliukagua, akalamba kidole na kugusa pembe ya bahasha moja, akatikisa kichwa.

“Muhogo inaachia kwa maji,” alisema. “Lakini ubao ni nene, maji lazima ipite juu, kwa baba yako. Na ile ni wino ya chupa, itakimbia. Ya mama yako ni biki, haisikii maji. Utapata moja, mwalimu. Mbili hapana.”

Mama alipokuja Arua kunitembelea nilimweleza. Nilitarajia aseme tuache, kwa sababu ndivyo alivyosema kuhusu mambo yote maishani mwake.

“Baba yako aliandika iko na meza,” alisema. “Mimi niliandika juu ya magoti. Loweka ile ya tatu.”

Niliilowesha kwa kitambaa, kidogo kidogo. Wino wa baba ulianza kutanda, kambi ikafutika, kisha namba yake, kisha jina la mama alilokuwa amelipigia mistari miwili chini yake. Kitambaa kikawa cha samawati. Nilipobandua karatasi na kuifuta ule uji, herufi za biki zilitoka nzima. Mama aliweka kidole chini ya neno la kwanza na kusoma mpaka Lobule, kwa sauti, polepole, kisha akairudia tena. Sijapata kumwona amekaa wima namna ile.

“Hii nyingine yote loweka,” alisema.

Habari zilimfikia baba mdogo. Alituma neno kwamba nimemuua kaka yake mara ya pili. Nilimjibu kwa mjumbe huyohuyo maneno ambayo siyaandiki.

Ubao bado uko ukutani kwangu, na juu yake kuna bahasha kumi na nane. Kila mama akija anauliza, “Leo?” Mimi namwambia mvua bado, karatasi haitakauka. Kiangazi nikamwambia nina mitihani ya kusahihisha. Mara nyingi nimelowesha kitambaa, nikakaribia ule mwandiko mwembamba ulioinama, nikakikamua na kukianika. Baba mdogo alihitaji siku moja kumweka mama chini. Mimi sasa ni mwaka wa tatu namshikilia hapohapo, na mama anajua.